Lifanye zoezi mwenyewe kabla hujaliandika ubaoni

Nasimamia wanachuo wanaofanya mazoezi ya kufundisha Kiingereza katika skuli za Pemba, na siku hizi maandalio mengi ya somo ninayoyakagua yamepitia kwenye chatiboti, yaani programu unayoiandikia ombi nayo ikakujibu kwa maandishi, kama ChatGPT. Simkatazi mtu. ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 wapo walimu waliotaka wanachuo wasiiguse kabisa. Mimi naona mwanachuo mwenye simu, bando la siku na kitabu kimoja cha kiada ana haki ya kutafuta msaada. Ninachokataa ni zoezi kuingia darasani kabla mwalimu hajalifanya mwenyewe kwa kalamu.

Sababu iko katika namna mashine hizi zinavyofanya kazi. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa ya Kiingereza, na kazi yao ya msingi ni kukisia neno gani lifuate. Ndiyo maana habari zinazotunga zinasomeka vizuri. Lakini swali la kuchagua linataka jibu moja liwe sahihi na mengine yote yawe na kosa. Chukua hili: "She ___ in Wete since 2019." Machaguo ni lives, lived, has lived na has been living. Chatiboti inakwambia jibu ni has lived. Has been living nalo ni sahihi! Mtoto aliyelichagua atakatwa maksi kwa kujua Kiingereza. Kosa la namna hii hulioni kwa kusoma tu, maana kila kitu kimeandikwa kwa uhakika. Utaliona ukifunika majibu ukalifanya zoezi lote. Pale utakaposita wewe, darasa zima litasita.

Halafu kuna lile ombi la "tunga habari fupi na rahisi kwa darasa la tano". Rahisi kwa nani? Mashine haijui mtoto wa Micheweni ameshasoma sura zipi. Hata ukitaja A1, ngazi ya chini ya vipimo vya lugha vya Ulaya, bado inaweza kuchomeka maneno ambayo hajawahi kukutana nayo. Ipe msamiati wa sura mlizokwisha kusoma, itajie sarufi ya wiki hiyo, iwekee kikomo cha maneno mapya, na itake tahajia ya Uingereza, kwani vitabu vyetu vinaandika colour. Kisha yahesabu hayo maneno mapya wewe mwenyewe. Kikomo ulichokiweka si lazima kiwe kimefuatwa.

Habari za kwetu ndizo zinazohitaji jicho zaidi. Nimewahi kuletewa habari ya msimu wa karafuu ambamo wakulima wanachuma matunda mekundu yaliyoiva. Kiingereza chake safi kabisa. Ila karafuu huchumwa kabla hazijachanua, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa juani kwenye majamvi, na mtoto wa Mtambwe haya ameyaona nyumbani kabla hajajua kusoma. Ukimsomesha hayo matunda, hatakuamini tena hata kwenye sarufi. Hapa mwanachuo anaijua kazi kuliko mashine, basi aandike yeye hatua zote kwa Kiswahili, mashine itunge Kiingereza, kisha akague tena. (Usishangae ukiiandikia "skuli" nayo ikakujibu "shule".)

Manufaa makubwa mimi nayaona kwenye makosa ya watoto wetu, ambayo yana mpangilio wake. Kiswahili hakitenganishi he na she, kwa hiyo utasikia "My mother he is cooking" hata kidato cha pili. Na ile -ni yetu inabeba in, on na at kwa pamoja: kitabu kiko mezani, baba yuko mezani anakula. Zoezi la vihusishi lililotungwa kwa watoto wa dunia nzima halifiki hapo. Ieleze mashine kwamba wanafunzi wako wanasema Kiswahili, itajie kosa lenyewe na sababu yake, uone. Itakuletea sentensi ishirini mara moja, na ukichuja utabaki na nyingi za kutumia. Kuzitunga kwa mkono kulikuwa kukila jioni nzima.

Jengine ni umbo la zoezi. Chatiboti hupenda kadi za kukata, picha za rangi na karatasi kwa kila mtoto, na wewe una ubao na chaki. Iambie mapema zoezi liandikike ubaoni kwa mistari minane, na watoto wanakili kwenye madaftari. Majina ya wanafunzi na alama zao usiyatie kwenye chatiboti kabisa.

Kwa wanachuo nitakaowatembelea muhula huu: nataka karatasi mbili kwenye faili, ile iliyotoka kwenye mashine na ile iliyoingia darasani, ya pili ikiwa na majibu yako kwa kalamu. Zikifanana neno kwa neno, mazungumzo yetu yataanzia hapo.