Kengeleni: kuomboleza kabla ya kushukuru

Makonda wa matatu zinazovuka Daraja la Nyali, Mombasa, huita "Kengeleni!" kutwa nzima, na abiria wengi hushuka pale bila hata kutupa jicho. Kengele yenyewe ingalipo, kwenye mnara wake mdogo kando ya njia panda. Ni ya makazi ya Frere Town. Wazee husimulia kwamba ilipigwa kila lilipoonekana jahazi la wafanyabiashara ya watumwa, ili watu waliokwisha kuokolewa wasitekwe tena.

Nafundisha historia ya Kanisa, na wanafunzi wangu wanaojiandaa kwa utumishi huwapeleka pale. Wengi hufika na sala ya shukrani tayari mdomoni. Huwaomba waisubirishe kidogo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi, watu waliokutwa ndani walihitaji pa kushushwa. William Salter Price, mmisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, akapata ardhi ng'ambo ya kisiwa, Kisauni, na 1875 makazi yakaanza kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia mkataba ule. Walioshushwa walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa Ziwa Nyasa na wengineo, na wengi wao walikuwa watoto. Walipewa nyumba, vishamba, shule na ubatizo.

Kwao hawakurudishwa. Safari ilikuwa ndefu, njia zenyewe zilikuwa za watekaji wale wale, na mtoto aliyechukuliwa akiwa mdogo angemwelekeza nani kijiji chake?

Ndiyo maana mahubiri yanayoifananisha Frere Town na kitabu cha Kutoka hayaniridhishi. Waisraeli walikuwa wakielekea nchi ya baba zao. Frere Town naiona zaidi katika Yeremia: sura ya 29, ambapo waliohamishwa wanaambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani ugenini, kisha sura ya 31, ambapo Raheli anawalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Aya hiyo huwaomba wanafunzi waisome kwa sauti, magari yakipita, wakiwafikiria akina mama wa bara ambao hawakupata kujua kama watoto wao wako hai Kisauni.

Aya mbili mbele Mungu anamwahidi Raheli kwamba watoto watarudi kwenye mipaka yao. Daima kuna mwanafunzi anayeuliza: mbona hawa hawakurudi? Naamini kwa moyo wote kwamba siku ya ufufuo Kristo atawakusanya. Lakini sikubali tumaini hilo litumike kumnyamazisha mama anayelia. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia kabla ya kufika kaburini.

Watu wa misheni wenyewe walijua kuomboleza hadharani. William Jones aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na kulelewa India, na 1885 Askofu James Hannington akamfanya shemasi. Mwaka huo huo alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington na wapagazi wengi waliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones aliongoza waliobaki hadi Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, wakafika Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoshonewa herufi nyeupe: Ikabodi, yaani "utukufu umeondoka", jina ambalo mke wa mwana wa kuhani Eli alimpa mtoto wake huku akikata roho, Sanduku la Agano likiwa limetekwa. Hawakuandika aya ya ushindi. Waliingia na msiba wao ulivyo.

Ukitoka Kengeleni, usikose kufika Rabai. Huko watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia misheni, na mabwana wakawadai. Hatimaye George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Pesa zilikwenda kwa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakulipwa chochote kwa miaka yao. Na Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza waziwazi kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake, wala haisemi lolote kuhusu fidia. Hapo mjadala wa wanafunzi huwa mkali, nami huuacha uendelee mpaka gari la kurudi mjini lifike.