Jogoo wa Pili Anasubiri: Kutafuta Kichekesho Bandani

Ukiwa afisa mifugo huku Dodoma, watu watakuita "dokta" hata kama wiki nzima umeshinda ukichanja kuku. Na ukishaitwa dokta, maiki haikukosi. Send-off, mahafali ya shule ya kata, kikao cha ushirika, kufunga mafunzo pale Nzuguni wiki ya Nanenane: lazima atokee mtu aseme, "Dokta, hebu tuchangamshe kidogo na hao wanyama wako." Wenzangu wengi hapo hukimbilia vichekesho vilivyokwisha kuzunguka kwenye WhatsApp hadi vikachoka. Mimi naenda bandani.

Sharti langu ni moja: mnyama asizushiwe. Mweleze anachofanya, kwa usahihi uleule ambao ungemweleza mfugaji, halafu nyamaza. Ukisema "jogoo huyu ni shemeji yangu kabisa", umechekesha meza moja na shemeji kanuna. Ukieleza jogoo peke yake, kila meza itamcheka shemeji wake.

Chukua kuwika. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuchunguza majogoo waliowekwa pamoja katika vikundi vidogo. Waligundua kwamba alfajiri anayeanza kuwika ni yule mwenye cheo cha juu, kisha wanafuata wengine kwa ngazi mpaka mnyonge wao. Mkubwa akiondolewa, wa pili ndiye anayefungua. Kila mmoja ana saa yake mwilini inayomwambia kunakucha, ila mdogo hatangulii. Sasa lilete hilo mbele ya meza kuu ya Dodoma, mji wa Bunge na wizara, ambako mtu hasemi neno mpaka ataje vyeo vyote vilivyoketi mbele yake. Mimi hulisema hivi:

"Mgeni rasmi, jogoo wa pili anajua kabisa kuwa kunakucha. Saa anayo. Sauti anayo. Lakini anasubiri mkubwa awike. Wa tatu anamsubiri wa pili, wa nne anamsubiri wa tatu. Zamu ikimfikia wa nne, habari yenyewe imeshajulikana, na yeye anaitangaza hivyo hivyo. Itifaki imezingatiwa."

Maneno mawili ya mwisho yasitangulie hata kwa bahati mbaya. Na kabla ya kuyatamka, vuta pumzi moja nzima, kwa sababu ukumbi unahitaji muda wa kukumbuka hotuba zote za wa nne uliowahi kuzisikiliza. Baada ya hapo tazama tu nani anacheka kwanza. Watu humwangalia mgeni rasmi, akionyesha meno nao wanaachia, na hapo umepata kichekesho cha pili bila kukitolea jasho.

Ukitaka kukipa mizizi, taja kwamba habari hii ya vyeo vya kuku ni ya siku nyingi. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alichapisha utafiti wake mwaka 1922: nani anamdonoa nani, na nani anadonolewa na wote asimdonoe yeyote. Kwenye kikao cha wafanyakazi hiyo peke yake inatosha, ila mpime bosi kwanza.

Kwa harusi na send-off ninayo ya jogoo anayeita. Umewahi kumwona akiokota mdudu: anamdonyoa, anamwachia, anamdonyoa tena, huku akitoa milio mifupi ya haraka, na mitetea wanakuja mbio. Uungwana mtupu. Lakini mwaka 1988 watafiti Gyger na Marler walionyesha kuwa jogoo huweza kuita hivyo hivyo bila kuwa na chakula chochote. Tena huita bure zaidi mtetea anapokuwa mbali, mahali ambapo hawezi kuona vizuri kilichopo mdomoni. Akiwa karibu, mzee mzima mara nyingi ananyamaza.

Siku moja nilikuwa hapo hapo kwenye "mtetea anapokuwa mbali", bado sijamaliza sentensi, mama mmoja kutoka meza za nyuma akadakia: "Anamwambia ana kiwanja Mtumba!" Ukumbi ukalipuka, maana Mtumba ndiko uliko Mji wa Serikali, na mimi nikaketi. Ningekuwa nimekitaja mwenyewe hicho kiwanja, wangecheka kuniridhisha tu. Kwa hiyo acha pengo, tena liache mahali ambapo kila mtu ana lake la kulijazia.

Beberu naye ni hazina, ila chagua hadhira. Akimnusa jike mkojo, huinua kichwa, akakunja mdomo wa juu na kubaki hivyo sekunde kadhaa. Anaivuta harufu hadi kwenye kiungo kilichopo juu ya kaakaa, apate kujua kama jike yupo kwenye joto. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo kinachobaki nje ni ufizi mtupu, na sura ya mtu anayetafakari jambo zito la kitaifa. Hapo ndipo penye kichekesho: kazi ya kimaabara, uso wa namna ile. Wafugaji wa Chamwino na Bahi hucheka mpaka machozi kwa sababu wamemwona. Lakini habari ya beberu kujikojolea ndevu ili apendeze kwa majike ibaki kwenye mafunzo. Mbele ya wakwe, hapana.

Jicho la mbuzi linafaa popote. Mboni yake imelala, na akiinamisha kichwa kula, macho yenyewe huzunguka ili mboni ziendelee kuwa sambamba na ardhi. Yaani anakula huku anaendelea kulinda pande zote. Liseme wakati pilau inagawiwa.

Punda nampenda, na huku kwetu anayevuta maji na kuni hakosi watu wanaomjua. Wanamwita mkaidi, ukweli ni kwamba farasi akishtuka hukimbia, punda yeye mara nyingi husimama kwanza apime hali. Kwenye hafla ya kumuaga mstaafu aliyekuwa mgumu kusaini malipo, hiyo ni dhahabu.

Yapo ninayoyaacha kabisa. Nguruwe ana vituko kuliko wote, lakini hadhira ya mchanganyiko, na hasa ukiwa Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, muache zizini kwake. Magonjwa na vifo vya mifugo usiguse, maana ukumbini huwezi kujua nani kapoteza ng'ombe kiangazi kilichopita. Na ya mahari, "bibi harusi ana thamani ya ng'ombe wangapi", imechakaa, na bibi harusi mwenyewe haicheki.

Kutafuta mapya, kaa kwenye zizi jioni ng'ombe wanaporudi, au ukingoni mwa mnada wa Msalato, na daftari. Andika kitendo, sifa achana nazo. "Mbuzi mjanja" hamchekeshi mtu. "Kasimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele kaiegemeza kwenye mgunga, anachuma jani la juu, na wenzake watatu wako chini wanasubiri lidondoke" tayari ni hotuba. Kisha msimulie mtoto anayechunga. Akikwambia "mbuzi hafanyi hivyo, dokta", kifute. Akikumalizia yeye mwenyewe kabla hujafika mwisho, kipo tayari.

Na mlio uige mmoja tu, wa mwanzo. Dakika mbili zinatosha kwa mnyama mmoja. Ukiingiza wa tatu, MC anakuja kusimama pembeni yako na maiki yake imeshawashwa.