Mashine Zimezimwa, Mvuke Bado Umo: Dhana Potofu Kuhusu Ajali za Msimu wa Matengenezo

Hufika wakati ambapo kiwanda cha sukari cha magharibi mwa Kenya, au cha saruji kule Athi River, hulazimika kusimamisha uzalishaji ili boila zisafishwe, mabomba yaliyolika yabadilishwe na tanuri lijengewe matofali mapya. Katika kipindi hicho watu kiwandani huongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa wakandarasi huleta mafundi wa kuchomelea, mafundi wa majukwaa ya kupandia na vibarua ambao pengine hawajawahi kukanyaga hapo. Hao ndio wanaosikia mengi yasiyo kweli kuhusu usalama wao, na baadaye kuhusu haki zao.

Dhana ya kwanza ni kwamba mashine ikizimwa haiwezi kumdhuru mtu. Kuzima swichi hukata umeme tu. Mvuke hubaki ndani ya bomba, mafuta ya haidroliki hubaki na presha, kipande kizito kilichoinuliwa hubaki juu kikingoja kuachiliwa, na katika kiwanda cha saruji unga wa moto ulioganda ndani ya saikloni, yaani chombo kinachotenganisha unga na hewa ya moto, unaweza kumporomokea ghafla anayezibua. Hata tangi linaloitwa tupu huenda limejaa naitrojeni iliyotumiwa kulisafisha, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huifukuza oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21, na ikishuka chini ya 19.5 mahali hapo huhesabiwa kuwa hatari. Anayemwona mwenzake ameanguka humo akamfuata bila kifaa cha kupumulia mara nyingi huwa maiti ya pili. Kwa sababu hiyo kila fundi anapaswa kufunga swichi au vali kwa kufuli lake mwenyewe na kubaki na ufunguo, wala asitegemee kufuli la msimamizi.

Wapo pia wanaokiona kibali cha kazi hatari, yaani hati inayoeleza ni kazi gani inafanywa na ni mtambo gani usiwashwe, kuwa karatasi ya kuwaridhisha wakaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akitoe kwa kazi kama ukarabati wa boila na kuingia katika nafasi zilizofungika, na sababu yake ilionekana tarehe 6 Julai 1988 katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini. Vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo. Zamu ya usiku, bila kujua hilo, iliiwasha pampu hiyo, gesi ikavuja na kulipuka, na watu 167 wakafa.

Kumaliza matengenezo nako si kumaliza hatari. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, mlipuko ulitokea wakati mtambo ulipokuwa unawashwa upya baada ya ukarabati. Watu 15 walikufa, wote wakiwa wafanyakazi wa wakandarasi, waliokuwa ndani na kandokando ya ofisi za muda zilizowekwa karibu mno na mtambo.

Tukija kwenye sheria, usemi unaoumiza watu wengi zaidi nchini Kenya ni kwamba kibarua hana fidia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA, inamtambua mtu yeyote aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa utumishi, hata awe ameajiriwa kwa wiki mbili tu. Ugumu huwa katika kuthibitisha ajira yenyewe, na hapo pasi ya getini, daftari la mahudhurio na ujumbe wa malipo ya M-Pesa huwa na thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Wengine hukimbilia kwa wakili wakitaka kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani. WIBA imeifunga njia hiyo, na Mahakama ya Juu iliithibitisha hali hiyo Desemba 2019. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12 tangu ajali, na mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu apate habari. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuupinga kwa maandishi, kisha siku 30 baada ya jibu kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini kinga hiyo ya kutoshtakiwa imeandikwa kwa ajili ya mwajiri wa majeruhi. Ikiwa aliyekuajiri ni mkandarasi, na uzembe ulikuwa wa mwenye kiwanda, ambaye kisheria ana wajibu kwa kila anayefanya kazi katika eneo lake, kesi ya madhara dhidi yake ni jambo la kuzungumza na wakili kabla miaka mitatu haijapita.

Kuhusu kosa la mfanyakazi mwenyewe, jibu ni fupi: uzembe wa kawaida haumnyimi fidia. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumzuii ikiwa ajali imesababisha ulemavu mkubwa au kifo.

Mwisho kuna mwajiri anayelipa bili ya hospitali na kusema wamemalizana. Gharama za matibabu ni wajibu wake, na fidia ya ulemavu wa kudumu ni deni jingine linalokokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Fundi anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi, akipimwa na daktari kuwa na ulemavu wa asilimia 15, hesabu yake ni 2,880,000 mara asilimia 15, yaani shilingi 432,000. Asilimia hiyo ndiyo inayobishaniwa zaidi, basi ripoti ya daktari isomwe kwa makini kabla ya kukubaliwa.

Jambo moja ni la haraka kuliko yote hayo. Kiwanda kikiwashwa, majukwaa hubomolewa, eneo husafishwa na kikosi cha mkandarasi hutawanyika kila mtu kwao. Picha za mahali pa ajali, nakala ya kibali cha siku hiyo na nambari za simu za walioshuhudia hupatikana katika siku chache za mwanzo, na kama majeruhi amelazwa, mwenzake wa zamu ndiye wa kuzikusanya.