Kisukari cha mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kisukari ni cha watu wazima." Watoto wengi wenye kisukari wana aina ya kwanza, na kinaweza kuanza hata kwa mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto anakunywa maji usiku kucha, anakonda na huku anakula, na aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza upya. Akicheleweshwa, anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hapo ndipo anapotibiwa malaria au nimonia, na wengine hufa bila kupimwa sukari. Tone moja la damu ya kidole latosha: mwenye dalili hizi akiwa na sukari ya 11.1 au zaidi (kwa kipimo cha mmol/L), hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

"Mama alimzoesha pipi." Hapana. Kinga ya mwili imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Hakurogwa, wala haambukizi. Ale sahani moja na ndugu zake. Mama anayelaumiwa kwa jambo hili anaonewa.

"Mitishamba imemponya, hahitaji tena sindano." Dhana hii inaua, na nguvu yake inatokana na jambo la kweli. Wiki chache baada ya kuanza insulini, seli chache zilizosalia kwenye kongosho hupata ahueni na kufanya kazi kidogo. Mtoto aliyekuwa akichoma yuniti 20 kwa siku anaweza kushuka hadi 8, na sukari ikatulia. Kama wakati huo alikuwa akinyweshwa mlonge au maji ya dawa, sifa zote zinakwenda huko. Nafuu hii hudumu wiki au miezi, kwa wachache mwaka na zaidi, kisha huisha. Katika kipindi hicho dozi hupunguzwa na daktari wake, haiachwi. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipochomwa insulini huko Toronto akiwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo, mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na njia ya kupona wala ya kuishi nao.

"Leo anaumwa na hali kitu, basi asichome." Homa yenyewe hupandisha sukari, hata tumbo likiwa tupu. Insulini ya muda mrefu, ile inayofanya kazi taratibu mchana na usiku, iendelee. Pima sukari kila saa 2 hadi 4, usiku pia, na pima kwenye mkojo ketoni, yaani asidi zinazojaa mwilini insulini ikikosekana. Mnyweshe maji kidogo kidogo. Sukari ikiwa chini, mpe kinywaji chenye sukari na uwapigie kliniki wakuelekeze dozi. Akitapika mfululizo, au akianza kuhema kwa nguvu, msisubiri.

"Bila friji haiwezekani." Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo zile za akiba zinaweza kukaa kwenye friji ya kliniki. Iliyofunguliwa hudumu kama wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 30. Chukua chungu kidogo, kitie ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa ikae kwenye chungu kidogo, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Dodoma chungu hiki kinapoza vizuri. Pwani, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kinapoza kidogo tu. Mwenye friji naye ana hatari yake: insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Itupwe. Isisukumwe karibu na sehemu ya barafu.

"Asiguse sukari kabisa." Sukari ikishuka chini ya 3.9, sukari ndiyo dawa. Mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anazubaa au analia bila sababu. Koroga kwenye maji kidogo: kijiko kimoja cha chai kwa mtoto wa kilo 15, viwili kwa wa kilo 30, vitatu hadi vinne kwa wa kilo 50. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikiwa bado. Soda isiyo na sukari haisaidii. Akizimia au akipata degedege, usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu na mkimbie hospitali. Mwalimu wake ayajue haya, na sukari ikae darasani, si ofisini kwa mkuu.

"Asali na dona havipandishi." Asali ni sukari. Dona ina nyuzinyuzi, lakini ni wanga vilevile. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa tonge.

"Achome palepale, pameshazoea." Hapaumi kwa sababu mafuta yamevimba chini ya ngozi, na insulini inayoingia humo hunyonywa leo haraka, kesho taratibu. Sukari inayumba, mtoto anaonekana mkaidi wa chakula, kumbe kosa ni pajani. Papase kwa ncha za vidole kila wiki, tumboni, mapajani na matakoni. Penye uvimbe pumzishe kwa miezi. Na siku unapohamia ngozi nzima, ulizeni kwanza kuhusu dozi, kwa kuwa yuniti zilezile sasa zitafanya kazi zaidi na sukari inaweza kushuka ghafla usiku.