Mkabala, njia na mbinu: maana yake katika ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni

Walimu wa Kiingereza katika shule zetu za Mtwara na Lindi hulitumia neno mbinu kwa mambo mengi mno. Nyimbo ni mbinu, kazi za vikundi ni mbinu, kadi za maneno ni mbinu, na hata imani ya mwalimu kuhusu namna mtoto anavyoipata lugha huandikwa kwenye andalio la somo kuwa ni mbinu. Matumizi hayo yameshazoeleka, lakini yanafunika tofauti ambayo mwanaisimu wa Marekani, Edward Anthony, aliieleza mwaka 1963 kwa kutaja ngazi tatu. Ya kwanza ni mkabala, yaani mtazamo wa mwalimu kuhusu lugha ni kitu gani na mtu hujifunza vipi lugha. Ya pili ni njia, yaani utaratibu mzima wa kupanga na kufuatanisha mafunzo kwa kuuzingatia mtazamo huo. Ya tatu ni mbinu, yaani tendo lenyewe linalofanyika darasani kwa dakika kadhaa. Anayekuja kukagua somo huiona mbinu tu. Mkabala hauna budi kukisiwa.

Chukua walimu wawili waliobeba picha moja ya wavuvi wakishusha samaki pwani ya Mikindani. Wa kwanza anaibandika ubaoni, anagusa kila kitu kwa fimbo, anasema "fish", "basket", "boat", na darasa zima linaitikia mara tatu. Wa pili anampa picha mwanafunzi mmoja peke yake, ambaye anawaeleza wenzake kwa Kiingereza alichokiona, nao wanachora wanachosikia. Zana ni ileile, na pengine maneno ni yaleyale, lakini kwa mwalimu wa kwanza lugha ni mazoea ya ulimi yanayojengwa kwa kurudiarudia, ilhali kwa wa pili lugha ni chombo cha kumfikishia mwenzako jambo asilolijua. Hapo ndipo mikabala inapoachana.

Neno kigeni nalo linahitaji maelezo. Lugha ya pili ni ile ambayo mtu hakuzaliwa nayo lakini anaikuta ikitumika katika maisha ya jamii yake, na lugha ya kigeni ni ile anayokutana nayo zaidi darasani. Mtoto wa kijiji cha Newala anaweza kuzungumza Kimakonde nyumbani na Kiswahili sokoni, msikitini au kanisani, na shuleni. Kiswahili ndicho lugha yake ya pili. Kiingereza hukisikia katika kipindi cha dakika 40, kisha kengele inagongwa na lugha hiyo inafungiwa kabatini pamoja na chaki. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto wa Kimwera huko Nachingwea au Ruangwa. Hata hivyo, mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, Biolojia, Jiografia na Hisabati zote humjia kwa Kiingereza, kana kwamba likizo imetosha kuigeuza lugha ya kigeni kuwa ya pili. Mikabala mingi tuliyoipokea ilitungwa bila kuifikiria hali ya namna hii, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuitazama kwa makini kabla ya kuifuata.

Mkongwe kati yake ni sarufi na tafsiri, uliotokana na ufundishaji wa Kilatini na Kigiriki cha kale katika shule za Ulaya, lugha ambazo mwanafunzi alizihitaji kwa kusoma na wala hakutarajia kuzizungumza na mtu. Kanuni inaelezwa kwa lugha ya mwanafunzi, maneno yanakaririwa, sentensi zinatafsiriwa. Wengi wetu tulisomeshwa hivyo, na katika semina za walimu ni kawaida kuubeza. Mimi siubezi wote. Darasa lenye watoto 80 na vitabu vya kugawana linaendeshwa kwa urahisi kwa njia hii, na ulinganisho wa lugha mbili huyaeleza makosa ambayo mikabala mingine huyapita tu. Mwanafunzi wetu husema "my mother he is cooking" kwa sababu neno "yeye" la Kiswahili halibagui mke na mume. Husema "I hear hunger" kwa sababu sisi njaa tunaisikia. Ukimuuliza "Haven't you eaten?" hujibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sijala, nawe ukadhani ameshiba. Dakika mbili za Kiswahili zinayaweka wazi mambo hayo kuliko robo saa ya ishara za mikono. Kasoro ya mkabala huu ni kwamba mwanafunzi anaweza kuijua kanuni yote na bado akamkwepa mgeni anayemuuliza njia ya kwenda stendi.

Upinzani dhidi yake ulizaa njia ya moja kwa moja, ambamo lugha ya mwanafunzi haitumiki kabisa darasani na maana huoneshwa kwa vitu, picha na vitendo. Maximilian Berlitz, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefungua shule yake ya lugha mjini Providence, Marekani, mwaka 1878, ndiye aliyeipa umaarufu. Ilifaa madarasa madogo ya watu wazima wanaolipa ada, yenye mwalimu anayeizungumza lugha ile kama maji. Kwetu umebaki mwangwi wake katika kibao kinachomwamuru mwanafunzi azungumze Kiingereza tu, na mwangwi huo, kwa maoni yangu, umezaa ukimya mwingi kuliko Kiingereza.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilihitaji haraka watu wanaozungumza lugha za ng'ambo, likawafundisha askari wake lugha hizo, na kutokana na mafunzo hayo ikakomaa njia ya kusikia na kusema. Msingi wake ulikuwa saikolojia ya tabia, iliyohusishwa hasa na mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner: mtu hutenda, hutuzwa, hurudia, na tabia hukaa. Ndiyo asili ya mazoezi ya kubadilisha neno moja ndani ya sentensi huku darasa likiitikia kwa sauti moja. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky aliupinga vikali msingi huo, akieleza kwamba mzungumzaji hutunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, na hivyo haziwezi kuwa tabia iliyorudiwa.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa mwanaisimu wa Marekani, Dell Hymes, ambaye katika miaka ya 1960 alidai kwamba kuijua sarufi hakutoshi, kwani mtu aijuaye lugha anajua pia aseme nini, kwa nani, wakati gani na kwa namna gani. Uwezo huo aliuita umilisi wa kimawasiliano. Msomaji wa pwani haoni ugumu wa hoja hiyo, maana anajua kwamba mtoto anayemwambia bibi yake "mambo vipi" badala ya "shikamoo" hajakosea sarufi hata kidogo, ila amekosea lugha. Kutoka hapo ukajengwa mkabala wa mawasiliano, ambao tangu miaka ya 1970 umeenea katika mihtasari ya nchi nyingi, na ambao mtaala wetu wa sekondari wa 2005, uliojengwa juu ya umahiri, uliukaribia sana.

Kiini cha mkabala huu ni pengo la taarifa: mmoja anajua jambo, mwenzake halijui na analihitaji, na lugha ndiyo daraja pekee. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tano mkoani Mtwara wakati mwalimu alipogawa karatasi za bei za sokoni. Nusu ya wanafunzi walikuwa na bei za muhogo, nazi na korosho, nusu nyingine walikuwa na bei za pweza, dagaa na mchele, na kila mmoja alitakiwa kuikamilisha orodha yake kwa kumuuliza mwenzake. Mwanzoni darasa lilijaa mnong'ono wa "pweza shilingi ngapi?", orodha zikakamilika upesi bila Kiingereza. Mwalimu akasimamisha zoezi, akagawa karatasi mpya na kuwakalisha wakipeana migongo, hata ikabidi wapaze sauti na yeye asikie kila lugha inayotumika. Msichana mmoja akauliza, "How much the octopus?" Akajibiwa, "Five thousand", akaandika. Mwalimu hakumkatiza. Dakika kumi baadaye aliiandika sentensi ile ubaoni bila kumtaja mtu, akauliza ni neno gani limepotea, na "is" ikarudishwa mahali pake na mtoto mwingine.

Ufasaha, yaani kusema bila kukwama, ulitangulia na usahihi ukafuata, bila mmoja kumfukuza mwenzake. Watu husahau sehemu hiyo ya pili, wakadhani mkabala wa mawasiliano ni kuacha makosa yapite. Wengine hudhani kuwa ni kupanga madawati kwa vikundi, ilhali kikundi cha watoto sita wanaonakili majibu ya kinara wao bado kimo ndani ya sarufi na tafsiri. Kusini mwa India, kati ya 1979 na 1984, mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, N. S. Prabhu, aliongoza jaribio la kufundisha Kiingereza kwa kuwapa wanafunzi kazi za kutatua, kama kusoma ratiba au ramani, katika shule za kawaida zisizo na anasa yoyote. Jaribio hilo linatuhusu kuliko yale ya Ulaya.

Kinachobaki ni mtihani, ambao nao una mkabala wake hata kama haukuandikwa popote. Karatasi ya darasa la saba, inayofanywa mwezi Septemba, hujibiwa zaidi kwa kuchagua herufi, na hakuna anayemsikia mtoto akizungumza. Mwalimu yule wa pweza analijua hilo. Kuanzia Juni darasa lake la saba hufanya majaribio ya herufi kila Ijumaa, na karatasi za bei amezibakiza kwa la tano.