Boma ya Mahenge 1905: uwongo yenye tunarudilia juu ya Maji Maji

Hapa Goma wakianza tu kuongea mambo ya Mai-Mai, bale bapiganaji ba kwetu Congo benye banatumia maji ya dawa, mutu atasema "ni kama bale ba Tanzania ba kitambo, balijipakala maji bakaenda kujiuwa mbele ya risasi". Banasema bale ba vita ya Maji Maji, benye balipigana na Wajerumani na kuamini maji ya dawa itageuza risasi kuwa maji. Hapana, haiko vile, na inaniuma juu kule Mahenge, kusini ya Tanzania, batu balienda na mpango.

Ilikuwa 30 Agosti 1905. Boma ya Wajerumani pale ilikuwa chini ya ofisa Theodor von Hassel, na maaskari kama 60, rashasha mbili na batu mia kadhaa ba eneo yenye balibaki upande wake, kwa hiyo benye banazani ni bazungu njo balilinda boma banakosea, karibu bote balikuwa Bafrika. Benye balishambulia balikuwa maelfu. Balikuja makundi mbili, kila moja na njia yake, lakini habakusikilizana saa ya kuanza, basi kundi ya kwanza ikapigwa risasi kuanzia mita 1,000, ikasimama imara karibu robo saa mbele ya kurudi nyuma, kisha njo ya pili ikatokea mashariki, batu kama 1,200, na bengine bakaanguka hatua tatu tu mbele ya bale benye balikuwa banapiga. Hatua tatu! Mutu mjinga hafike pale. Kwangu mimi, Mahenge iliponyokwa juu ya saa zaidi ya maji.

Bengine banasema Kinjikitile, nabii mwenye alianzisha ile maji ya dawa, njo aliongoza ile siku. Hapana. Wajerumani balikuwa bamesha kumunyonga tarehe 4 Agosti. Na kusema hakuna boma ilianguka pia ni uwongo, Liwale ilichukuliwa katikati ya mwezi ule ule.

Ile maji yenyewe, yenye mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, iliunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, kisha Wangoni, batu benye habakukuwa na mwami mumoja. Kilio yao ilikuwa pamba ya lazima, kodi na fimbo.

Tena banazani risasi njo ilimaliza batu. Ni njaa! Jeshi ilichoma mashamba na akiba za chakula makusudi, Wajerumani benyewe balihesabu bafu 75,000, na kuna bahistoria benye banafika 300,000. Gavana aliyekuwa anatawala wakati huo ni von Götzen, ule ule muzungu mwenye tunaambiwa "alivumbua" Kivu na kupanda Nyiragongo mwaka 1894, sawa vile bavuvi ba kwetu habakukuwa banajua ziwa yao!

Na Mai-Mai ya kwetu haikutoka Mahenge moja kwa moja. Simba, baasi ba Congo ba 1964, balipiga kelele "Mai Mulele" (maji ya Mulele, jina ya kiongozi wa uasi Pierre Mulele) banapigana na serikali ya Congo yenye ilisha kupata uhuru, miaka karibu 60 nyuma ya Maji Maji.