Mtoto wangu hajifunzi kama wenzake: nianzie wapi?

Maswali haya wazazi wa Tanzania huyauliza kliniki, ofisi za ustawi wa jamii na hata getini shuleni wanapomshusha mtoto. Yanamhusu mtoto asiyesikia vizuri, mwenye uoni hafifu, usonji, mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili au kifafa, na pia yule ambaye mwalimu anaishia kusema tu kwamba "haelewi".

Mwanangu ana miaka mitatu na hasemi. Bibi yake anasema hata baba yake alichelewa. Nisubiri?

Usisubiri. Bibi hajakosea, wapo watoto wanaochelewa kisha wakaongea vizuri kabisa. Lakini hakuna anayeweza kumtambua mtoto wa namna hiyo kwa kumtazama tu nyumbani.

Cha kwanza ni masikio. Mtoto asiyesikia anaweza kukaa miaka bila ndugu kugundua, kwa kuwa anafuata macho ya watu, anahisi mlango ukigongwa na anaiga wanachofanya wenzake. Kupiga makofi nyuma yake ili uone kama atageuka si kipimo. Omba rufaa ya kitengo cha masikio, pua na koo. Huenda ikawa ni usaha unaojirudia masikioni, nao hutibiwa. Ikiwa ni uziwi mkubwa, wapo watoto wanaofaa kuwekewa kifaa cha kusaidia kusikia kwa upasuaji, huduma iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Kifaa hicho humfaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo, na lugha ya alama nayo hukaa vizuri ikianza mapema. Ndiyo maana mwaka mmoja wa kusubiri ni hasara kubwa.

Mpeleke mtoto akaangaliwe pia ikiwa miezi minne imefika na shingo haijakaza, miezi tisa hajakaa mwenyewe, mwaka na nusu hajatembea, au miaka miwili hajaunganisha maneno mawili kama "mama maji". Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea apelekwe wiki hiyohiyo.

Anayempima ni daktari au mwalimu?

Wote wawili, na kila mmoja ana swali lake. Daktari anatafuta kinachousumbua mwili: masikio, macho, ubongo, degedege. Mwalimu wa elimu maalumu anatafuta jinsi mtoto anavyojifunza na anachohitaji awapo darasani.

Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza muda. Wanazunguka hospitali hii na ile wakitafuta jina la tatizo, na muda wote huo mtoto yuko nyumbani hajaandikishwa popote. Jina la tatizo lina faida yake kwenye matibabu, ila msaada wa shule unategemea kile ambacho mtoto anaweza na kile kinachomshinda. Hayo yanaweza kupimwa leo, wakati majibu ya hospitali bado yanasubiriwa. Nenda ofisi ya elimu ya halmashauri yako, umuulizie Afisa Elimu Maalumu. Yeye ndiye anayejua wapi wanafanya upimaji, shule gani ina kitengo cha elimu maalumu, na wapi kuna mwalimu mwenye ujuzi huo. Wengi wa walimu hao wamesomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichoko Arusha.

Beba kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, karatasi za hospitali kama zipo, na daftari. Daftari lina kazi kubwa kuliko wazazi wanavyodhani. Andika mambo unayoyaona kwa macho: anavaa shati ila vifungo vinamshinda, anaelewa akitumwa kitu kimoja, viwili vinampotea, akisikia mashine ya kusaga anaziba masikio na kulia. Kama ana hali inayokuja na kuondoka, mfano kukodoa macho kwa sekunde chache huku ukimwita haitikii, mrekodi video kwa simu. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Darasani mtoto huyo huonekana mzembe na huchapwa bure, kumbe dawa ingemsaidia.

Sina pesa. Nitaweza?

Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Akizidi umri huo, usiondoke hospitali kwa sababu ya bili kabla hujaonana na afisa ustawi wa jamii wa hapohapo. Ndiye anayeshughulikia msamaha wa wasioweza kulipa. Mwambie ukweli wote wa nyumbani.

Mazoezi ya utengamao, yaani ya kuusaidia mwili ufanye kazi, hayamalizikii hospitali. Katika vituo kama hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, mzazi hufundishwa namna ya kumkalisha, kumlisha na kumnyoosha viungo mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kisha akaendeleza nyumbani kila siku. Mwombe mtaalamu akuonyeshe zoezi, nawe ulifanye mbele yake mpaka aridhike.

Ndugu wanasema mtoto amerogwa, au mimi nilikosea nikiwa na mimba.

Mama, hukumfanyia mwanao ubaya. Sababu zinazofahamika ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, hitilafu za vinasaba. Nyingine hazijulikani hata baada ya vipimo vyote. Chanjo hazisababishi usonji. Utafiti wa mwaka 1998 uliozua hofu hiyo ulifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililouchapisha.

Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, mkimbize hospitali. Na dawa zisikatishwe kwa sababu hajaanguka siku nyingi. Hajaanguka kwa sababu anazimeza.

Aende shule ya kawaida, kitengo au shule maalumu?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Akiwa huko, anastahili huduma za kumsaidia kujifunza. Kwa hiyo shule ya jirani ndiyo ya kuulizia kwanza.

Lakini nisingependa mzazi achague kwa kuangalia umbali peke yake. Mtoto kiziwi aliyewekwa kwenye darasa ambalo hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama yuko peke yake, hata kama shule iko mtaa wa pili. Huyo anahitaji wenzake na walimu wanaoongea kwa mikono, kama pale shule ya Buguruni Viziwi, Dar es Salaam. Asiyeona kabisa anahitaji kujifunza nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, mapema, na zipo shule zenye uzoefu huo, mfano Buigiri mkoani Dodoma na Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Wa ulemavu wa akili mara nyingi hupata nafuu kwenye kitengo, yaani darasa la elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida: anafundishwa kwa kasi yake, na mapumziko anacheza na wote.

Mtoto mwenye ualbino mara nyingi hahitaji kuhamishwa. Anahitaji akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, aruhusiwe kusogelea ubao, apimwe miwani, avae kofia pana na mikono mirefu, na apakwe losheni ya kukinga jua. Ipo inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Mwalimu akijua haya, kazi imekwisha.

Mwalimu mkuu amekataa kumpokea.

Muulize kwa upole sababu ni ipi, na uombe aiandike. Mara nyingi hofu yake ni ya kweli: darasa lina watoto wengi mno, hana mwalimu aliyesomea. Msikilize, kisha pandeni pamoja kwa Afisa Elimu Kata, na mkikwama huko kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Sheria ya mwaka 2010 pia imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mtendaji anapaswa kukuelekeza kwao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna ya kumvunjia utu. Ukiijua, hutasimama mbele ya meza ya mtu kama anayeomba hisani.

Mitihani ya taifa ataiwezaje?

Shule imsajili Baraza la Mitihani (NECTA) mapema kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Huongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Asiyeona hupewa karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu maandishi makubwa. Usingoje mwaka wa mtihani. Ulizia usajili huo mapema.

Shule iliyopatikana ni ya bweni. Naogopa kumwacha.

Una haki ya kuogopa. Mtoto asiyeweza kueleza yaliyompata yuko kwenye hatari zaidi ya kuumizwa, na wanaoumiza wanalijua hilo. Kabla ya kukubali, nenda uone bweni lenyewe, choo, na mahali anapolala matroni usiku. Uliza ni nani anayemwogesha mtoto asiyejiweza. Shule isiyotaka uone bweni, mtafutie nyingine.

Mfundishe majina ya sehemu zake za siri, kwa maneno, picha au alama, na kwamba hakuna mtu wa kumshika huko kwa siri. Hakikisha yupo mtu mmoja pale shuleni anayeelewa alama zake. Umtembelee siku ambazo hukutoa taarifa. Akianza kukojoa kitandani upya, kuogopa mtu fulani au kukataa kurudi shule, lichukulie kwa uzito. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Baba yake ameondoka, na mimi nimechoka.

Kuchoka kwako ni jambo la kiafya, na litajwe kliniki kama linavyotajwa la mtoto. Kama hulali, unalia kila siku au umewahi kufikiria kujidhuru, mwambie mhudumu waziwazi, leo.

Kisha tafuta wazazi wenzako. Unakopeleka mtoto kwa mazoezi, muulize muuguzi kama kuna kikundi cha akina mama wanaokutana. Kuna vyama pia, kama CHAVITA cha viziwi, na SHIVYAWATA, shirikisho linaloviunganisha vyama vya watu wenye ulemavu. Mama aliyetangulia miaka mitatu ndiye atakayekwambia daktari yupi anasikiliza na siku ipi foleni ni fupi. Mkipokezana watoto, hata Jumamosi moja kwa mwezi, utalala mchana.